Stratford-upon-Avon kwa siku moja: anzia darajani, Mwalimu

Mwalimu wa fasihi wa sekondari, kutoka Morogoro, ameniandikia hivi: "Mwanangu anasoma Birmingham, na mwezi wa nne nitakwenda kumtembelea. Amenipangia siku moja ya kwenda Stratford-upon-Avon. Nimefundisha *Mabepari wa Venisi* miaka mingi, kwa hiyo nafurahi. Lakini mwenzangu aliyewahi kufika ananiambia mji mzima ni duka la Shakespeare, nyumba zenyewe za kutengeneza tu, na ukiliondoa jina lake hapabaki kitu. Naomba unieleze: mji huo ulikuwa nini kabla yake, kipi ni cha kweli na kipi si cha kweli, na kwa siku moja nianzie wapi?"

Mwalimu, nakushukuru kwa swali hili, maana wageni wengi huuliza tu nyumba ya Shakespeare iko wapi. Wakishaonyeshwa hupiga picha mlangoni, hununua kikombe chenye sura yake, na jioni wamo ndani ya treni. Hao ndio wanaorudi nyumbani na maneno kama ya mwenzako. Kuhusu maduka hakukosea. Kuhusu mji amekosea sana, kwa sababu mji ule ulikuwa na soko, daraja, shule na baraza la madiwani kabla kijana huyo hajazaliwa, na mimi naamini bila vitu hivyo vinne tusingekuwa naye.

Nyumba aliyozaliwa iache kwanza. Anzia mtoni.

Jina la mji limetokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale, moja la barabara iliyotandikwa mawe, la pili la mahali pa kuvukia mto kwa miguu. Barabara yenyewe ilijengwa na Warumi, na ilivuka mto hapo kwa sababu maji yalikuwa ya kina kifupi. Avon nalo ni neno la wenyeji waliokuwako kabla ya Waingereza, na maana yake ni mto tu. Wawelisi mpaka leo mto wanauita *afon*. Kwa hiyo anayesema "Mto Avon" anasema "mto mto", kama sisi tunavyosema Ziwa Nyasa wakati nyasa kwa Wayao ni ziwa. Mgeni aliuliza hiki nini, akajibiwa ni mto, akaandika Mto. Uingereza ina mito kadhaa inayoitwa Avon kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka 1086, wakati mfalme alipofanya hesabu ya mali ya nchi nzima, Stratford ilikuwa kijiji cha askofu wa Worcester chenye kinu cha maji cha kusagia nafaka. Kinu kile kilimlipa askofu shilingi 10 kwa mwaka pamoja na mikunga 1,000, wale samaki warefu kama nyoka. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha mto ulikuwa na kazi gani: ulisaga, ulilisha, ulilipa kodi.

Mji ulianza mwaka 1196. Askofu John of Coutances alipata hati ya Mfalme Richard wa Kwanza ya kufanya gulio kila Alhamisi. Akapima ardhi kati ya kivuko na kijiji cha zamani, akaikata viwanja, kila kimoja kama mita 18 kwa 60, na kila mwenye kiwanja alilipa shilingi moja kwa mwaka bila kumfanyia askofu kazi ya shamba. (Shilingi ile ndiyo babu wa hii tuliyo nayo mfukoni, neno lilitufikia pamoja na utawala wa Waingereza.) Mitaa ile imebaki palepale. Mitatu inakwenda sambamba na mto, mitatu inaikata, na ukitazama ramani ya leo unatazama kamba ya wapimaji wa askofu. Soma na majina pia. Sheep Street ni mtaa wa kondoo. Rother Market ni mnada wa ng'ombe, maana *rother* ni neno la zamani la wanyama wenye pembe. Bridge Street ndio uliopokea watu kutoka mtoni. Ukisimama pale uondoe magari kichwani mwako, uweke mifugo, sufu ya kondoo na magunia ya shayiri, umeuona mji aliokulia Shakespeare.

Sasa daraja lenyewe. Kwa miaka mingi lilikuwa la mbao, jembamba, na njia ya kulifikia ilizama mto ulipofurika. John Leland, aliyetembelea nchi ile katika miaka ya 1530 na 1540, aliandika kwamba watu wengi maskini na wengineo walikataa kwenda Stratford mto ukijaa, au wakienda walikwenda kwa kuhatarisha maisha. Aliyelimaliza tatizo hilo ni Hugh Clopton, mtoto wa jirani tu wa mji, aliyekwenda London, akatajirika kwa biashara ya vitambaa, mpaka akawa Meya wa London mwaka 1491. Hakuoa. Fedha zake alizirudisha nyumbani: mwishoni mwa karne ya 15 akajenga daraja la mawe la matao 14, akalipia ukarabati mkubwa wa kikanisa cha mjini, na kabla ya hapo alikuwa amejijengea nyumba kubwa mkabala na kikanisa hicho. Kumbuka nyumba hiyo, tutarudi kwake.

Daraja la Clopton lingalipo, Mwalimu, na magari yanapita juu yake usiku na mchana. Halikuwekwa kama kumbukumbu, linafanya kazi. Ndiyo sababu nakusihi uanzie hapo. Ukitoka stesheni shuka moja kwa moja hadi mtoni, kama dakika 15 kwa miguu, usimame kwenye daraja la miguu lililo sambamba nalo, la matofali mekundu, uyahesabu matao. Hilo la matofali nalo lina habari yake: lilijengwa mwaka 1823 kwa ajili ya reli ya mabehewa yaliyovutwa na farasi, iliyofunguliwa 1826 kubeba makaa ya mawe kwenda Moreton-in-Marsh. Makaa yenyewe yalifika kwa mfereji wa mashua kutoka upande wa Birmingham, uliokamilika mwaka 1816, na bwawa unaloliona kando ya bustani ya Bancroft, lenye mashua zilizopakwa rangi, ndilo lililokuwa bandari yake. Reli za kisasa ziliua mfereji ule. Sehemu yake ya kusini ilikuwa imejaa tope na majani mpaka watu wa kujitolea, na wafungwa pamoja nao, walipouchimba upya. Ukafunguliwa tena mwaka 1964. Mgeni anayelisha bata-maji pale hajui kwamba amekaa kwenye gati.

Toka hapo panda Bridge Street, kisha ukifika juu shika upande wa kulia, Henley Street. Hapa ndipo mwenzako alipokasirikia maduka. Nyumba ya kuzaliwa ipo mkono wa kulia, na swali lako la ukweli nalijibu kwa sehemu.

Fremu ya mwaloni na sehemu kubwa ya kuta ni za karne ya 16, hazikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Ukiingia utafahamu mara moja ujenzi wake, maana ni wa kwetu: nguzo na boriti za mbao, katikati fito zilizosukwa, juu yake udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi. Tofauti ni kwamba wao walitumia mwaloni mzito badala ya miti tuliyoizoea, ndiyo maana umesimama miaka mia nne na ushee. Uso wa mbele lakini umerejeshwa. Baada ya Shakespeare nyumba ile ilipata kuwa nyumba ya wageni, na upande mmoja ukawa bucha. Ilipopigwa mnada mwaka 1847, watu walichanga wakainunua kwa pauni 3,000 ili isiangukie mikononi mwa mfanyabiashara. Miaka michache baadaye wakabomoa nyumba za pembeni wakihofia moto, na wakaurudisha uso wake kwa kufuata mchoro wa mwaka 1769. Kwa hiyo ulivyo upweke wake leo si wa kweli. Zamani ilibanwa na majirani huku na huku. Chumba wanachokionyesha kuwa ndimo alimozaliwa nacho ni mapokeo. Nyumba ilikuwa ya baba yake, hilo lina hati. Chumba hakina.

Baba ndiye ningependa umfikirie ukiwa mle ndani. John Shakespeare alikuwa mshona glavu na fundi wa kulainisha ngozi nyeupe. Jina lake linaonekana mara ya kwanza kwenye kumbukumbu za mji mwaka 1552, na halionekani kwa heshima: alitozwa faini ya shilingi moja kwa kulundika jaa la samadi mtaani, Henley Street hiyo hiyo. Miaka 13 baadaye akawa diwani mwandamizi. Mwaka 1568 akawa mkuu wa mji, cheo tunachoweza kukilinganisha na umeya. Katika mwaka wake wa madaraka baraza lililipa vikundi viwili vya waigizaji waliokuja kucheza mbele ya wakuu wa mji. Ndiyo malipo ya kwanza ya namna hiyo yanayojulikana Stratford. Mwanawe William alikuwa na miaka kama mitano. Siwezi kukuapia kwamba alikuwepo, lakini baba yake ndiye aliyekuwa mwenyeji wa shughuli.

Rudi hadi njia panda, uingie High Street. Hapa kuna nyumba za mbao zilizochongwa vizuri, na watu hudhani mji ulikuwa tajiri hivyo siku zote. La. Zimejengwa baada ya msiba. Mwaka 1594 na 1595 mioto miwili mikubwa iliteketeza sehemu kubwa ya mji, ukaja mwingine 1614, na chanzo cha kuenea kilikuwa mapaa ya nyasi yaliyogusana. Nyumba inayoitwa Harvard House ilijengwa 1596, juu ya majivu, na Thomas Rogers, mwuza nyama. Tafuta kichwa cha fahali alichochongesha kwenye mbao za mbele. Binti yake Katherine alimzaa John Harvard, yule ambaye jina lake lilipewa chuo kikuu cha Marekani. Mfadhili wa Chicago aliinunua nyumba hiyo mwaka 1909 ikapewa chuo.

Mwaka huo huo wa 1596, mwezi wa nane, Shakespeare alimzika mtoto wake wa pekee wa kiume, Hamnet, mwenye umri wa miaka 11. Mwaka uliofuata akanunua nyumba.

Na nyumba hiyo ni ile ya Clopton. Endelea na High Street mpaka inapobadilika jina kuwa Chapel Street, utaikuta New Place upande wa kushoto, kwenye kona. Utakuta bustani. Nyumba haipo, na hapo ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote Stratford, ingawa wageni hupita haraka kwa kuwa hakuna cha kuingia. Shakespeare aliinunua mwaka 1597, hati ikitaja pauni 60. Ilikuwa miongoni mwa nyumba kubwa kabisa za mji. Mwezi wa pili wa 1598, baada ya misimu mibovu ya mavuno, serikali iliagiza wakaguzi wapite nyumba kwa nyumba kuandika nani ameficha nafaka. Kwenye orodha ya mtaa huu jina lake limo: alikuwa na kimea, yaani shayiri ya kutengenezea pombe, kiasi cha magunia kadhaa makubwa, akiwa mmoja wa wenye akiba kubwa mtaani. Baadaye alinunua, kwa mamia ya pauni, ardhi na haki ya kukusanya zaka za mazao. Mwalimu, wewe uliyesimama mbele ya darasa ukaeleza kwa nini Nyerere alichagua neno *mabepari* mahali pa wafanyabiashara, utapenda kujua kwamba mwandishi mwenyewe alikuwa na ghala wakati majirani wanalia njaa. Sisemi hivyo kumshusha. Nasema ili usiende kwake kama mtu anayekwenda kwa mtakatifu. Alijua bei ya mkopo na ya shayiri, ndiyo maana aliandika juu ya dhamana na deni kwa ukali ule.

Nyumba ilivunjwaje? Baada ya vizazi ikafikia mikononi mwa mchungaji mmoja, Francis Gastrell. Bustanini kulikuwa na mforosadi ambao watu waliamini Shakespeare aliupanda, na wageni hawakuacha kugonga mlango wakitaka kuuona. Mwaka 1756 mchungaji akachoka, akaukata. Mji ulikasirika. Mafundi wakainunua mbao ile wakachonga visanduku na vikombe, wakauza, na vilivyouzwa kwa jina la mti huo vilizidi mbao ya mti mmoja. Kisha akagombana na mji kuhusu kodi ya kusaidia maskini, akidai hakai pale mwaka mzima. Mwaka 1759 akaibomoa nyumba yote, akaondoka. Nyumba aliyokaa Shakespeare ilikuwa imekwisha kujengwa upya mwaka 1702, kwa hiyo aliyoibomoa mchungaji haikuwa ile ile, lakini nikifika pale bado najiuliza hasira ya mtu mmoja kwa majirani ilitugharimu nini. Walichokipata wachimbaji wa mambo ya kale katika karne hii ni misingi, visima na vyungu vilivyovunjika, na bustani ya sasa, iliyofunguliwa 2016, imechorwa juu ya misingi hiyo.

Vuka kijia kidogo tu: kikanisa cha chama cha Msalaba Mtakatifu. Hapa usiwe na haraka. Chama hiki kilikuwa cha wenyeji, wanaume kwa wanawake, walioweka ada pamoja ili kuombeana wafu, kuzikana, kutunza wazee na kusomesha watoto. Ukikiita cha kufa na kuzikana hutakosea sana, isipokuwa kilikuwa na ardhi na majumba. Kilipewa ruhusa ya kujenga hapa mwaka 1269, na kwa muda mrefu ndicho kilichouendesha mji kwa kweli. Pembeni mwa kikanisa ni ukumbi wao wa karibu mwaka 1420, na kufuata ukumbi ni safu ya nyumba za wazee wasiojiweza. Mpaka leo wanakaa wazee humo. Serikali ilipokivunja chama 1547 mali zake zilichukuliwa, na mwaka 1553 Mfalme Edward wa Sita akaupa mji hati ya kujitawala na kuirudisha shule kwa jina lake.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya ukumbi. Liko vilevile, boriti zake zimepinda, na tangu 2016 wageni huruhusiwa kupanda. Orodha za wanafunzi wa wakati ule hazikusalia, lakini hakuna mwanahistoria wa maana anayebisha kwamba mtoto wa diwani alisoma hapa, kwa kuwa ilikuwa bure kwa watoto wa mji na ilikuwa dakika tano kutoka kwao. Walisoma Kilatini, kuanzia alfajiri, karibu siku sita kwa juma. Watoto walifundishwa kusema kwa nafsi ya mtu mwingine: ungekuwa malkia aliyeachwa ungesemaje? Ungekuwa jemadari kabla ya vita? Wewe unajua zoezi hilo linazaa nini. Ukumbi wa chini ndimo waigizaji wale wa 1568 na 1569 walimocheza. Shule na jukwaa vilitenganishwa na sakafu tu.

Ukiingia kikanisani inua macho juu ya tao la mbele. Kuna picha ya siku ya Kiyama, wafu wakitoka makaburini, iliyochorwa baada ya ukarabati wa Clopton. Mwishoni mwa 1563, dini ya nchi ikiwa imebadilika, baraza liliamuru picha zote zifutwe. Katika hesabu za mji kuna shilingi mbili za kazi hiyo, na mweka hazina alikuwa John Shakespeare. Mafundi walipaka chokaa. Chokaa ikazificha, na kwa kuzificha ikazitunza. Zilipatikana tena mwaka 1804. Sina hakika John alikusudia huruma. Ila kazi ingeweza kufanywa kwa patasi, na haikufanywa kwa patasi.

Miezi michache baadaye, tarehe 26 mwezi wa nne 1564, William alibatizwa. Tarehe 11 mwezi wa saba kasisi akaandika pembezoni mwa daftari la mazishi, kwa Kilatini, kwamba hapa tauni imeanza. Watu zaidi ya 200 walikufa katika mji ambao haukuzidi sana watu 2,000. Mtoto mchanga wa Henley Street akapona. Kila nikisoma ukurasa ule moyo wangu husita.

Sasa teremka Church Street, kata kushoto kuelekea Old Town. Utapita Hall's Croft, nyumba nzuri inayohusishwa na binti yake Susanna na mumewe daktari John Hall. Siku ni moja, itazame kwa nje. Mbele ni Kanisa la Utatu Mtakatifu, na unalifikia kwa njia yenye miti huku na huku. Hapa ndipo kilipokuwa kijiji cha asili kabla ya mji wa askofu, ndiyo maana kanisa kuu liko pembeni mwa mji na si katikati. Jengo lilianza karne ya 13. Ukisimama katikati ukitazama altare utaona upande wa altare umepinda kidogo kushoto, haukunyooka na sehemu ya watu. Wengine husema ni mfano wa kichwa cha Yesu msalabani. Huenda ni mafundi tu waliofuata msingi wa zamani, nami naliona hilo kuwa zuri vilevile.

Kaburi liko karibu na altare. Alizikwa hapo si kwa ajili ya tamthilia zake. Zile haki za zaka alizonunua ndizo zilizompa nafasi. Jiwe halina jina. Lina mistari minne inayombariki atakayeliacha na kumlaani atakayeihamisha mifupa. Zamani mifupa ya makaburi ya ndani ilikuwa ikifukuliwa kupisha wengine na kutupwa kwenye chumba cha pembeni, kwa hiyo laana ile ilikuwa na sababu. Imeheshimiwa: mwaka 2016 watafiti walipima kwa mitambo ya mawimbi bila kugusa jiwe, wakaona kaburi la kina kifupi na dalili kwamba upande wa kichwa uliwahi kuvurugwa. Sanamu ya ukutani, yenye kalamu mkononi, ilikuwapo kufikia 1623, mjane wake akiwa amefariki mwaka huo huo na watoto wake wa kike wakiwa hai. Waliomjua waliiona.

Kwa kuwa unakwenda mwezi wa nne, muulize mwanao siku ya maandamano. Mwishoni mwa juma lililo karibu na tarehe 23, siku aliyokufa, watu wa mji, watoto wa shule ile na wageni hutembea mitaani hadi kanisani wakibeba maua. Ukiikuta siku hiyo utasukumana, lakini nakushauri uikute.

Rudi kwa njia ya mtoni. Utauona ukumbi wa maonyesho wa matofali mekundu. Wa kwanza ulijengwa 1879 kwa ardhi na fedha za Charles Edward Flower, mwenye kiwanda cha bia hapa mjini, watu wa London wakimcheka. Ukaungua 1926. Wa pili, wa 1932, ulichorwa na Elisabeth Scott, na ulikuwa jengo la kwanza kubwa la umma Uingereza kuchorwa na mwanamke. Ndani ya magofu ya ule ulioungua sasa kuna ukumbi mdogo wa Swan, uliofunguliwa 1986, wenye jukwaa linaloingia katikati ya watazamaji. Kampuni ya kifalme ya maigizo inayoutumia, Royal Shakespeare Company, iliundwa 1961. Kama fedha inaruhusu, tafuta tiketi ya mchana uache kitu kingine chochote.

Hapo ukingoni ndipo sherehe ya kwanza ya kumtukuza Shakespeare ilipofanyika, mwezi wa tisa 1769, siku tatu, chini ya mwigizaji David Garrick. Mvua ilinyesha, Avon ikapanda hadi kwenye ukumbi wa muda waliojenga, maandamano yakafutwa, fataki zikalowa. Hakuna tamthilia yake hata moja iliyochezwa. Na bado biashara yote unayolalamikiwa na mwenzako ilianzia pale. Mto haujaacha tabia: Pasaka ya 1998 na mwezi wa saba 2007 uliingia tena mjini.

Kuhusu udanganyifu, kisa kimoja ukae nacho. Kwa karibu miaka 200 wageni walipelekwa kijiji cha Wilmcote kuona nyumba ya Mary Arden, mama yake Shakespeare. Mwaka 2000 hati zilionyesha nyumba ile ilikuwa ya jirani, Adam Palmer, na ya akina Arden ilikuwa iliyofuata, shamba ambalo hakuna aliyelijali. Wanaozitunza nyumba hizo walitangaza wenyewe kosa na kubadilisha vibao. Kwa hiyo si kweli kwamba wanauza chochote. Nyumba ya akina Hathaway, kwao mkewe Anne, iko Shottery, mwendo wa nusu saa kwa miguu kupitia njia za mashambani. Ni halisi na ni nzuri, lakini kwa siku moja itakunyima kanisa.

Nakala yako ya *Mabepari wa Venisi*, ile ya 1969, ichukue. Nyerere aliianza kazi hiyo na *Julius Caezar* mwaka 1963, Samuel Mushi naye akatuletea Makbeth na Tufani, na kwa miaka hiyo michache Kiswahili kilimiliki sehemu ya alichoandika mtoto wa mshona glavu. Kusini kidogo mwa ukumbi wa maonyesho kuna kivuko cha mnyororo kinachozungushwa kwa mkono, cha mwaka 1937, kinachofanya kazi majira ya joto na huanza karibu na wakati utakaokuwepo. Vuka kwa sarafu chache uende ng'ambo. Pale kuna nyasi, mnara wa kanisa uko mbele yako, daraja la Clopton liko upande wako wa kulia juu ya mto, na watu ni wachache. Kaa hapo usome ukurasa mmoja kwa sauti, mwanao akisikiliza, mpaka saa ya treni.